Masalia ya gundi kwenye makasha ya filamu za zamani: nimeshaharibu moja, nisaidieni kabla sijamaliza yote

#1 MzeeWaKanda

Wakuu heshima kwenu.

Mwezi uliopita nilipata mzigo ambao nimeuota tangu niache shule. Jamaa mmoja Morogoro alikuwa anasafisha stoo ya banda lake la kukodisha kanda. Banda lenyewe lilishakufa zamani, lakini mali ilibaki humo ndani ya maboksi ya sabuni. Nikachukua vyote bila kuchagua: kanda za VHS sitini na kitu, nyingi zikiwa na makasha yake ya karatasi ngumu, VCD kwenye vile vikasha vya kung'aa vinavyopasuka ukivitazama vibaya, na DVD za Bongo Movie za miaka ile watu walikuwa wanazisubiri Kariakoo kama mgao wa sukari. Juu ya hapo shemeji yangu aliyeko Uingereza kaniletea kasha moja la bati, lile la SteelBook, lina stika ya bei ya duka la mitumba katikati ya paji la uso wa mhusika mkuu.

Shida ndiyo hiyo, stika. Kila kasha lina tatu mpaka tano. Bei, namba ya kanda, jina la banda, onyo la faini, na juu yake selotepu pana iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyingine zimeshajibandukia zenyewe zikaacha utando mweusi unaonata, na vumbi lote la Morogoro limehamia hapo.

Jumamosi nikajifanya fundi. Nikachukua kasha moja la karatasi, filamu ya kung-fu, nikapaka mafuta ya taa, maana ndivyo marehemu baba alivyokuwa akitoa gundi kwenye baiskeli. Stika ikatoka kama ganda la ndizi. Nikashangilia. Nusu saa baadaye doa limetambaa mpaka kwenye uso wa mpiga mateke, karatasi imekuwa kama ile ya kufungia vitumbua, unaona mwanga upande wa pili. Leo siku ya nne. Doa lipo, harufu ipo, na mama watoto kaniambia nichague kati ya kasha na sebule.

Naombeni msaada wa mambo mawili. Hilo nililoliharibu linaokoleka? Na haya mengine niyaendee vipi?

#2 Kipepeo_Tanga

Bila picha huu uzi ni redio tu mkuu.

#3 MzeeWaKanda

Nimeweka nne hapo juu. Ya kwanza ni maiti. Ya pili ni rundo zima. Ya tatu ni VCD yenye stika ya namba, ona ilivyobandikwa juu ya sahani yenyewe. Ya nne ni lile bati.

#4 chapchap

Petroli. Dakika mbili umemaliza. Watu wa humu mnapenda kuzungusha mambo.

#5 Ticha_Kemia

Mzee, pole. Kosa lako karibu kila mtu hapa amelifanya, sema wengine wanakaa kimya. Na chapchap usimsikilize, angalau mpaka umalize kusoma.

Gundi ya stika si sawa na gundi ya mbao. Ya mbao inakauka inakuwa ngumu. Ya stika imetengenezwa ibaki laini kama bigijii iliyotafunwa, ndiyo maana ukiibonyeza tu inashika. Nyingi ni za jamii ya mpira au ya akriliki, na zote mbili hazina habari na maji. Zile za mpira zikizeekea kwenye joto kwanza hulegea zikavuja pembeni ya stika, huo ndio utando wako mweusi. Miaka ikizidi zinakuwa za njano na kuvunjika kama ukoko. Selotepu yako ya rangi ya chai imefika huko.

Kitu cha mafuta huyeyushwa na kitu cha mafuta. Kwa hiyo mafuta ya taa yalifanya kazi yake sawasawa, gundi ilitoka. Kosa lilikuwa kwamba mafuta ya taa yanapaa polepole mno. Kabla hayajapaa yameshanywewa na karatasi, na karatasi ikinywa mafuta haiyatapiki kirahisi.

Sasa kabla hujashika chupa yoyote, jiulize gundi imekaa juu ya nini. Kasha la DVD linapinda ukilibinya. Hilo ni polipropilini, na baadhi ya makasha yana pembetatu ndogo kwa ndani yenye namba 5. Ni plastiki sugu. Mafuta ya nazi, spiriti, hata waiti spiriti ya duka la rangi, haitalifanya kitu. Hatari yake iko kwingine: ile nailoni ya nje ina mdomo wazi kwa juu, kimiminika kikiingia humo kinalowesha kava la karatasi. Kwa hiyo chomoa kava kwanza, weka pembeni, ndipo ufanye fujo zako.

Kikasha cha VCD kinalia kama kioo ukikigonga na kucha. Hicho ni polistirini, namba 6, na ni mtoto wa mama. Petroli, thina, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, vyote vinakila. Hakuna kurudi nyuma, plastiki yenyewe imeyeyuka. Chomoa karatasi zake, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo nusu saa mpaka karatasi ya stika ivimbe, ikwangue na kidole, halafu gundi iliyobaki uipanguse kwa spiriti safi ya duka la dawa. Safi nimesema. Vile vitakasa mikono vya mgando vilivyobaki tangu 2020 vina vilainishi vya ngozi, vinaacha utando mwingine.

Karatasi ngumu ndiyo mtihani. Hapo unahitaji kitu kinachoyeyusha gundi kisha kinapaa chote bila kuacha mafuta nyuma. Wakusanyaji wengi duniani wanatumia mafuta ya kiberiti cha chuma, yale ya kujazia viberiti vya Zippo. Ni nafta iliyosafishwa. Karatasi italowa, itageuka nyeusi, moyo utakupiga paa, na baada ya dakika chache itarudi ilivyokuwa.

Kuhusu maiti: jaribu. Liweke kati ya karatasi nyeupe za shashi, nyunyizia unga laini kama konflawa kila upande, weka vitabu vizito juu, badilisha kila siku kwa wiki. Baadaye lowesha upande mzima, nasema mzima, usiloweshe doa peke yake, kwa hiyo hiyo nafta na ukandamize kwa shashi safi. Ukilowesha doa tu litahamia pembeni na kuchora pwani. Halitapona kabisa, lakini litafifia.

#6 chapchap

Mwalimu umeandika kitabu cha kidato cha sita. Mimi nimetoa stika kwa petroli miaka kumi na makasha yangu yako salama.

#7 BintiMvita

Ticha umesema kweli ya huko polistirini, na mimi nina ushahidi. Mie niko Mombasa, nakusanya filamu za Kihindi, za marehemu mamangu. Kuna mtu aliniambia mafuta ya maganda ya chungwa ni dawa ya asili, hayana madhara, hata ukiyala. Nikakamua maganda juu ya kikasha cha VCD, nikaacha kwa raha zangu nikaenda kupika. Nilivyorudi stika imetoka kweli, lakini pale ilipokuwa pamekuwa na ukungu kama jicho lenye mtoto, na alama ya kidole changu imezama ndani ya plastiki. Hadi leo ipo. Kidole changu kimekuwa cha kumbukumbu.

Sasa hebu nielezwe, chungwa nalila kila siku, plastiki inalionaje sumu?

#8 Ticha_Kemia

Dada Mvita, ndani ya ganda kuna mafuta yanaitwa limonini. Polistirini inayeyuka humo kama sukari kwenye chai. Ukitaka kuona, kamulia ganda juu ya puto la mtoto, au juu ya kipande cha lile stairofomu jeupe jepesi linalokuja na televisheni mpya. Kwenye kasha la DVD ungepona. Neno "asili" halina maana yoyote kwa plastiki.

#9 Fundi_Redio

Nimeona hiyo picha ya tatu na nimeacha chuma cha kulehemu ili niandike.

MZEE USIBANDUE HIYO STIKA ILIYO JUU YA SAHANI YA VCD.

VCD ni CD, na watu wengi wanadhani upande dhaifu wa CD ni ule wa chini unaong'aa. Kinyume chake. Chini kuna plastiki nene zaidi ya milimita moja. Juu, upande wenye maandishi, ile foili inayobeba filamu imefunikwa na varnishi nyembamba tu. Stika ya miaka ishirini ikishika hapo, ukiivuta inaondoka na foili. Nimewahi kuletewa sahani na mteja, nikaishika juu ya taa, naona dirisha. Hapo hakuna fundi.

DVD ina nafuu, foili yake imebanwa katikati ya sahani mbili za milimita 0.6 kila moja. Ikibidi kabisa, tia mafuta ya nazi juu ya stika, subiri usiku mzima, kisha uisogeze taratibu na osha kwa sabuni. Asetoni usiikaribishe kabisa, inafanya sahani iwe nyeupe. Na ukifuta, futa kutoka kwenye tundu kwenda nje. Kuzungusha ndiko kunakozaa mikwaruzo inayofuata njia ya data.

Kuhusu petroli. Tuliwahi kuwa na kijana gereji ya jirani, alikuwa anasafisha vitu kwa petroli kwenye beseni, sakafuni, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Mama lishe yuko chumba cha pili na jiko lake la mkaa, hatua sita hivi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama nyoka. Ulilifuata jiko wenyewe. Kijana alipona, nyusi hazikuota sawa. Hiyo nafta ya Ticha nayo ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba unatumia matone. Kaa barazani, zima kila kitu, na usije ukachanganya na draya ya nywele.

#10 chapchap

Sawa hilo la jiko nimelielewa. Lakini petroli kwa DVD bado naitetea.

#11 Fundi_Redio

Petroli ya kituoni ina viungo vya injini ndani yake na harufu haitoki. Fungua kabati lako la DVD unuse, kisha urudi hapa useme ukweli.

#12 chapchap

Nitarudi.

#13 MswahiliHamburg

Habari za nyumbani. Nimeona suala la kasha la bati, naomba nichangie maana huku ndiyo ugonjwa wetu.

Ujerumani tangu 2008 sheria inataka alama ya umri ya FSK, wale wanaopanga filamu kwa umri wa watazamaji, ikae mbele ya kasha, chini kushoto, isipungue milimita 1,200 za mraba. Ile ya miaka 16 ni ya bluu, ya 18 nyekundu kama taa za barabarani. Kwa kasha la kawaida wengi hutengeneza kava la kugeuza, upande wa pili hauna alama, unageuza nyumbani kwako mambo yanaisha. Bati haligeuzwi. Kwa hiyo wanabandika stika, na mnunuzi akifika nyumbani kazi yake ya kwanza ni kuing'oa. Nimeshang'oa nyingi kuliko nilizotazama.

Bati ni chuma kilichochapwa rangi na kufunikwa varnishi. Adui wake ni wawili: kitu kinachokula rangi, yaani thina na asetoni, na kidole chako mwenyewe. Kama bati lako ni lile lisilong'aa, ukilisugua kwa nguvu pale stika ilipokuwa patang'aa, na hiyo alama ya kung'aa ni ya milele. Watu wanalaumu dawa kumbe ni kusugua.

Mimi hufanya hivi. Napuliza draya kutoka mbali kiasi, sekunde ishirini hivi, bati liwe vuguvugu la kuweza kushikwa. Nanyanyua kona kwa kadi ya plastiki, ile fremu inayobaki ukichomoa laini ya simu ni nzuri kupita kadi ya benki kwa sababu ni laini na nyembamba. Navuta stika ikijikunja yenyewe kurudi nyuma, karibu ilale juu ya kasha, polepole. Ukivuta kwenda juu unaacha gundi yote chini. Kinachobaki nakigonga kwa selotepu mpya, gonga-nyanyua, gonga-nyanyua, gundi inahamia kwenye selotepu. Mara nyingi hapo nimemaliza bila tone la kitu chochote. Kikibaki kitu, tone la mafuta ya mtoto, dakika tano, kisha povu la sabuni na kitambaa cha kufutia miwani, kwa kugusa tu.

Kama filamu bado imo kwenye nailoni yake ya kiwandani, draya sahau. Nailoni hiyo imetengenezwa inywee kwa joto, na itanywea mbele ya macho yako.

#14 MzeeWaKanda

Wakuu, sijui niseme nini. Ndani ya siku moja nimejifunza kuliko miaka yangu yote na makasha. Nimeagiza hayo mafuta ya kiberiti, nimeyapata kwenye duka la sigara mjini.

Sasa swali lingine limenijia wakati napanga rundo. DVD za Bongo nyingi zina stempu ya kodi ya TRA, nyingine zina ile hakigramu, yaani stika ya hakimiliki ya COSOTA inayobadilika rangi. Zimebandikwa ovyo, nyingine zimeziba sura ya msanii. Hizo nazo nazitoa kwa njia ile ile ya plastiki namba 5?

#15 StooYaBabu

Mkuu weka hiyo kadi chini!

Stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki zilianza 2013. Kanumba alifariki Aprili 2012. Fikiria hapo. Ukikuta DVD ya Kanumba ina stempu ya TRA, unajua nakala hiyo ilikuwa bado sokoni baada ya yeye kuzikwa. Ukikuta haina, inaweza kuwa imenunuliwa akiwa hai, au inaweza kuwa ya maharamia, na hapo ndipo hakigramu inapokusaidia. Kile kistika unachotaka kukitupa ndicho cheti cha kuzaliwa cha kasha lako. Makava yetu mengi hayana hata mwaka. Ukitoa stempu, mjukuu wako atajuaje?

Halafu kuna watu wanabandua stempu kwenye nakala moja wanahamishia kwenye nyingine ili iuzike. Hilo ni kosa kisheria na ni uhuni. Sikusemi wewe, nasema kwa faida ya wanaosoma kimyakimya.

#16 WaGikomba

Hapa Nairobi ni hivyo hivyo. Kuna stika ya umri ya KFCB, bodi ya kupanga filamu, na kuna ile ya kung'aa ya KECOBO, bodi ya hakimiliki, ya kuzuia uharamia. Mimi hununua mali Gikomba na kuuza, na nitawaambia ukweli wa biashara: mnunuzi wa kawaida anataka kasha safi, halina kitu. Analipa zaidi. Mnunuzi anayejua anataka stika za serikali zibaki na za duka zitoke. Na kuna mmoja, mteja wangu mzuri sana, anataka kila kitu kibaki hata kinyesi cha mjusi. Kwa hiyo siku hizi nasafisha vumbi pekee, stika naacha, nauliza mteja kwanza. Kutoa unaweza siku yoyote. Kurudisha je?

#17 Kipepeo_Tanga

Sasa hapa ndipo mnaponichanganya. Uzi unaanza na kutoa stika, katikati mnasema zisitolewe. Mimi selotepu ya chai siwezi kuishi nayo, nisameheni. Kabati langu silifanyi makumbusho.

#18 StooYaBabu

Selotepu toa. Selotepu haina historia, ina uchafu tu.

#19 BintiMvita

Eti haina historia! Selotepu kwenye kanda za mamangu aliibandika yeye kwa mkono wake, akaandika juu kwa kalamu ya wino jina la filamu kwa herufi za Kiarabu. Kila mtu na stika zake jamani.

Lakini nina swali la kweli. Baadhi ya makasha yana karatasi zilizogundishwa, si stika, ni karatasi ya daftari imekatwa na kubandikwa. Mafuta ya kiberiti nimejaribu kwenye kona, haikutikisika.

#20 Ticha_Kemia

Hiyo ni gundi ya maji dada, ama ya dukani ama uji wa unga. Nafta haiigusi, ni kama kumsemesha mtu lugha asiyoijua. Tia tone la maji kwenye kona, subiri dakika mbili. Ikilegea, umeshajua dawa. Pamba yenye unyevu juu ya karatasi, unyevu nimesema, isidondoshe, na uinyanyue polepole. Kama kasha chini yake ni la karatasi tupu lisilong'aa, fikiria mara mbili, maji yatalivimbisha. Na uji wa unga mende wanaupenda, kwa hiyo hata usipoibandua, kagua.

#21 MzeeWaKanda

Mrejesho wakuu, na picha nimeweka.

Nilikaa barazani jana baada ya alasiri, upepo ulikuwa wa kutosha. Nikaanza na kasha la kanda ambalo silipendi sana, kwa tahadhari. Kwanza nikatia tone moja kwenye mkunjo wa ndani, mahali ambapo hapaonekani, nikagusa na pamba ya masikio. Wino haukutoka. Nikazungusha matone pembeni mwa stika, nikahesabu mpaka ishirini. Karatasi ikawa nyeusi kama imelowa mvua na mimi nikaanza kusali. Nikaingiza fremu ya laini ya simu chini ya kona. Ilikwama mara ya kwanza, nikaongeza tone, nikasubiri, ikapita. Ikawa hivyo: tone, subiri, milimita mbili, tone, subiri. Stika ya ukubwa wa kidole gumba imenichukua dakika kumi na tano. Ilipotoka ilitoka nzima, imelegea, hata bei inasomeka. Gundi iliyobaki nilikuwa naisukuma na kidole inajiviringa kama vipande vya ufutio, napuliza. Nikaenda kuswali magharibi, niliporudi kasha limekauka, jeupe, huwezi kujua kulikuwa na kitu isipokuwa kipande hicho kina rangi kali kidogo kuliko pembeni, kwa sababu stika ilikikinga na jua miaka yote.

Bati nimefanya kama alivyoelekeza ndugu wa Hamburg. Selotepu peke yake imetosha. Paji la uso limerudi.

Maiti iko chini ya vitabu na konflawa, siku ya tatu. Harufu imepungua, mama watoto amelegeza masharti, kasha linaruhusiwa mpaka korido.

Sehemu ya aibu: VCD moja nilikuwa nimeshaibandua kabla Fundi hajaandika. Nimeishika juu ya taa. Dirisha lipo. Ni dogo, kama punje ya mchele, lakini lipo.

#22 Fundi_Redio

Pole. Ijaribu, huenda ikacheza mpaka hapo. Ikianza kukwama, isimamishe na uinakili kilichosalia siku hiyo hiyo.

#23 chapchap

Nimerudi. Nimefungua kabati. Sina la kusema, naomba njia ya kutoa harufu ya petroli kwenye DVD arobaini.

#24 Fundi_Redio

Hahahaha. Chomoa makava yote, osha makasha kwa sabuni, yaanike kivulini wazi wiki nzima. Makava yatundike ndani, mbali na jua. Vitabaki vichache vinavyonuka, hivyo ni vya kukukumbusha.

#25 MzeeWaKanda

La mwisho halafu nirudi kazini.

Usiku nimeendelea na lile kasha la filamu ya kung-fu ya pili, yenye stika kubwa nyeupe: "RUDISHA KANDA MWANZO. FAINI SH. 500 KWA SIKU." Nikaweka matone, nikasubiri, kona ikanyanyuka. Chini yake nikaona wino mwingine. Nikadhani ni kava. Kumbe ni stika nyingine, ya zamani zaidi, imeandikwa kwa mkono: "Faini sh. 200." Na pembeni ya hiyo ya 200 inachungulia kona ya nyingine tena, ya bluu, imeandikwa kitu kinachoanza na "Sh. 5" halafu imefunikwa.

Nimeilaza kona chini, nikaibonyeza na kidole, imeshika. Nimeiacha hivyo.

#26 WaGikomba

Hilo ndilo kasha lenyewe. Unauza?

#27 MzeeWaKanda

Siuzi.